Mpangaji, Mwenye Nyumba na Mbwa

Watu wengi wa Mara hufuga mbwa. Mbwa hulinda ng'ombe na nyumba. Lakini ukihamia Musoma, Bunda au Butiama na kupanga chumba, ua si wako peke yako. Watoto wa wapangaji wengine hucheza humo.

Basi mwombe mwenye nyumba ruhusa kabla hujamleta mbwa. Akisita, ana sababu. Mbwa asiyechanjwa anaweza kupata kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu huambukizwa kwa mate, mbwa mgonjwa anapouma. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu kila mara hufa.

Kinga ipo. Mpeleke mbwa kwa bwana mifugo achanjwe kila mwaka. Wilayani Serengeti, mkoani humu, mbwa wengi walichanjwa kuanzia mwaka 1996. Kichaa cha mbwa kikapungua sana. Watu walioumwa wakapungua pia.

Mwonyeshe mwenye nyumba cheti cha chanjo. Kisha andikeni mapatano. Mbwa atafungwa wapi mchana? Nani atasafisha kinyesi? Kila mmoja atie sahihi. Hiyo ni faida ya kujua kusoma na kuandika.

Mbwa akimwuma mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15. Usingoje dalili. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo akachomwe sindano za kinga. Azimalize zote.

Mbwa aliyechanjwa ni mlinzi. Asiyechanjwa ni hatari kwa ua mzima.