Lualaba: Kifaa kinajua joto la mfanyakazi, lakini nani atasimamisha kazi?

KOLWEZI – Mwezi wa tisa na wa kumi, kabla mvua haijashika, joto la mchana mjini Kolwezi hupita digrii 30. Wengi hutafuta kivuli. Mzima moto wa mgodi hana nafasi hiyo. Amevaa koti zito, buti na kofia, na chupa ya hewa iko mgongoni. Jasho linamtoka lakini halikauki, kwa sababu nguo zinazomkinga na moto ndizo zinazofungia joto mwilini mwake.

Joto la kawaida la mwili ni karibu digrii 37. Likipita 40, ubongo unaanza kuvurugika: mtu anachanganyikiwa, anaongea ovyo, kisha anaanguka. Asipopozwa haraka anaweza kufa. Tena mara nyingi mgonjwa mwenyewe ndiye wa mwisho kujua kwamba yuko hatarini.

Ndiyo maana ng'ambo vimetengenezwa vifaa vya kuvaliwa kazini. Kimoja ni mkanda wa kifuani au bangili ya mkononi. Hiki hakipimi joto la ndani moja kwa moja. Kinasoma mapigo ya moyo, kisha kinakisia joto kwa hesabu, na kinaweza kukosea. Kingine ni kidonge kinachomezwa na kutuma vipimo kutoka tumboni. Kazi ya kukitengeneza ilifanywa Marekani katika miaka ya 1980, na shirika la anga la NASA lilishiriki. Kinapima vizuri zaidi, ila kila kidonge hutumika mara moja tu. Joto likizidi, kiongozi wa kikosi aliye nje anapata onyo na kuita mtu wake atoke.

Lualaba ina kazi nyingi za namna hiyo. Kamoto na Kamoa-Kakula ni migodi ya chini ya ardhi. Huko mwamba unazidi kuwa na joto kadiri mtu anavyoshuka, na mitambo ya mazutu inaongeza lake. Kwenye viwanda vya kuyeyusha shaba, watu wanafanya kazi karibu na madini yanayoyeyuka kwenye digrii 1,085.

Somo la Afrika Kusini

Migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini ilipoteza watu kwa joto tangu miaka ya 1920. Kuanzia miaka ya 1930, kabla ya vifaa hivi kuwepo, wenye migodi walianza kuzoesha wafanyakazi wapya polepole. Kanuni hiyo inatumika hadi leo. Wataalamu wa Marekani wanashauri kwamba mgeni afanye asilimia 20 tu ya kazi ya joto siku ya kwanza, kisha aongezewe asilimia 20 kila siku. Na maji yasingoje kiu: kikombe kimoja kila dakika 15 hadi 20.

Onyo likilia

Hapa ndipo penye ugumu. Mtu wa sous-traitance anayelipwa kwa siku ataogopa kusimama, hata mkononi kifaa kikilia. Mwingine ataogopa kwamba kifaa kikionyesha moyo dhaifu, mkataba wake hautarudiwa. Hapo atakivua, au atakificha ndani ya koti.

Kwa hiyo, kabla ya kununua vifaa, kunatakiwa mapatano: onyo likilia, mtu apumzike bila kukatwa mshahara, na vipimo vyake vikae kwa daktari, visiende kwa mkubwa wa kazi. Mahali pa kuyajadili pako tayari. Kanuni ya Kazi ya mwaka 2002 inataka kuwe na kamati za usalama na usafi kazini. Tangu Juni 2022, Shirika la Kazi Duniani linahesabu usalama na afya kazini kuwa haki ya msingi ya kila mfanyakazi.

Wasio na kifaa

Wachimbaji wa mikono, wale "creuseurs" wanaoshuka kwenye mashimo membamba, hawataona bangili hizo kesho. Kwao kifaa ni mwenzao. Mwenzako akiacha kujibu vizuri, akiyumba au akianza kutapika, mtoe nje. Mlaze kivulini, mvue nguo nzito, mmwagie maji ya baridi mwili mzima na mpepee, huku wengine wakitafuta usafiri wa hospitali. Aliyezimia asinyweshwe kitu.

Na isisemwe haraka kwamba ni malaria. Joto la namna hii halishushwi na paracetamol. Linashushwa na maji. Kila dakika inayopotea katika kutafuta dawa, mwili unaendelea kuungua ndani.