Somo la Saba: Diski Inapougua

Ninyi mlioko darasani, fungueni ukurasa huu mfuate pamoja nasi.

Seva ni nini? Ni kompyuta inayozihudumia kompyuta nyingine usiku na mchana. Ndani yake mna diski, ndizo ghala ya habari. Kati ya diski na kompyuta pana kifaa kiitwacho kidhibiti. Hicho ni kama karani wa ghala: hupokea habari, huziweka mahali pake, na huzitoa zinapotakiwa.

Tuseme seva ya chama cha ushirika ina diski nne. Ndani yake mna hesabu za malipo ya wakulima wote. Diski hizo zimepangwa kwa utaratibu uitwao RAID 5, ulioelezwa mwaka 1988 na wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, huko Marekani. Faida yake ni nini? Tazama mfano huu. Diski ya kwanza ina 4, ya pili ina 3, ya tatu ina 2, na ya nne ina jumla yake, 9. Diski ya pili ikifa, chukua 9, toa 4, toa 2. Umepata 3. Kompyuta hutumia hesabu ya namna nyingine, lakini maana ni hiyo hiyo. Je, zikifa diski mbili? Hapo hesabu haiwezekani, na malipo ya wakulima yamepotea.

Basi asubuhi moja taa ya hatari inawaka. Usikimbilie kuchomoa diski! Ukichomoa nzima ukaiacha mbovu, umezipoteza mbili. Fuata hatua hizi nne.

Kwanza, nakili. Maadamu seva ingali inafanya kazi, weka nakala ya habari katika kifaa kingine. RAID si nakala. Ukifuta hesabu kwa bahati mbaya, zimefutika kabisa.

Pili, soma. Kidhibiti huandika mambo yanayotokea, na saa yake. Diski nayo hutunza hesabu ya afya yake, iitwayo SMART. Katika diski nyingi za SATA, namba 5 huonyesha sehemu zilizoharibika na kubadilishwa. Namba 197 huonyesha sehemu zinazoshukiwa. Hizo zikizidi kupanda, diski yenyewe ni mgonjwa. Namba 199 huonyesha makosa yaliyotokea njiani, kati ya diski na kidhibiti. Ikipanda hiyo peke yake, angalia waya kwanza.

Tatu, pima. Ikitoweka diski moja, huenda ni mbovu. Zikitoweka kadhaa kwa dakika moja, shuku kidhibiti, waya au umeme, kwa maana ni nadra diski kufa pamoja. Kidhibiti kikikuuliza kama kizianzishe diski upya, usikubali. Huenda habari zote zikafutwa. Na seva ikichelewa ghafula katika kuandika, angalia betri ya kidhibiti. Betri ikichoka, vidhibiti vingi hupunguza mwendo ili habari zisipotee umeme ukikatika.

Nne, badilisha. Linganisha namba ya diski iliyotajwa na kidhibiti na ile iliyobandikwa juu ya diski. Zikiwa sawa, ichomoe. Weka mpya isiyopungua ukubwa wa ile ya zamani. Kidhibiti kitajaza habari upya, kazi inayoweza kuchukua saa nyingi. Wakati huo usiguse diski nyingine, kwani ikifa moja tena, hakuna ya kuiokoa.

Maswali ya kujibu katika daftari:
1. Kwa nini RAID si nakala?
2. Namba 199 ikipanda peke yake, utaangalia nini kwanza?
3. Utahakikishaje kwamba diski unayoichomoa ndiyo mbovu?

Someni tena hatua zote nne kwa sauti, kila mtu kwa zamu. Kwaherini.