Meno ya Mtoto Mchanga Yasichimbwe

Siku moja mama mmoja wa upande wa Masisi alileta mtoto wake wa miezi mitano. Mtoto alikuwa na homa, tena alihara. Mama akafungua kinywa chake, akasema, "Muganga, tazama, ameota meno mabaya. Mama mkwe ataka tumpeleke kwa mzee ayatoe. Lakini mtoto wangu wa kwanza alitolewa hayo, akafa siku ya nne. Ndiyo sababu nimekuja kwako kwanza."

Akina mama, sikieni vema. Uvimbe ule mweupe si ugonjwa. Mtoto huzaliwa na meno yake yamefichwa ndani ya ufizi, kama mbegu za maharagwe katika udongo. Karibu na mwezi wa sita meno ya mbele huanza kutokea, na akifika miaka mitatu huwa nayo 20. Mahali pa chonge ufizi huvimba kidogo kabla jino halijatoka. Mzee akichimba hapo kwa kisu au kwa njiti ya baiskeli, hutoa kitu cheupe, laini, husema, "Mdudu huyu!" Si mdudu. Ni jino changa.

Desturi hii haiko kwetu tu. Wanyarwanda huiita ibyinyo. Uganda magharibi, ebiino. Tanzania, meno ya plastiki. Mwaka 1969 mtaalamu wa Denmark, Jens Pindborg, aliandika juu ya madhara yake katika Uganda.

Basi, kwa nini mtoto huhara wakati ule? Kwa sababu ameanza kutia kila kitu kinywani na kupewa maji na uji wenye uchafu. Na homa mara nyingi ni malaria. Kisu hakiponyi hayo. Huleta kutoka damu, usaha, pepopunda, hata virusi vya UKIMWI. Na jino la ukubwa lililo chini yake laweza kuharibika.

Mtoto akihara, fanya hivi:

1. Usiache kumnyonyesha.

2. Mpe maji ya dawa ya kuhara yaliyo katika paketi. Ukikosa, chemsha maji lita 1, yapoe, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa. Mnyweshe kidogo kidogo.

3. Mpeleke kituo cha afya siku ile ile. Wewe unayekaa mbali katika msitu wa Walikale, ondoka mapema, umnyweshe njiani.

Jino la kwanza likitoka, lipanguse kwa kitambaa safi. Baadaye tumia mswaki asubuhi na kabla ya kulala, na dawa ya meno yenye floridi ukiipata. Pipi na miwa isiwe kila siku. Akifika miaka sita, meno ya ukubwa huanza, nayo yakiharibika hayaoti tena.

Yule mtoto tulimpima, akaonekana ana malaria. Alipewa dawa na maji, akapona. Alipokuwa na miaka miwili mama alimrudisha, na mama mkwe alikuja naye. Nikamfungua mtoto kinywa. Chonge zote nne zilikuwa mahali pake, nyeupe na imara. Nyanya akazigusa kwa kidole chake, moja moja, akanyamaza. Kisha akasema, "Nitawaambia wengine."

Nawe uwaambie.