Kabla ya Kununua Meza ya Pool, Lala Chini Yake

Mtu akikukuta umelala chali kwenye sakafu ya baa saa nne asubuhi, kichwa kimeingia chini ya meza na miguu imebaki nje, hatakuuliza chochote. Atajua ulianza mapema. Ndivyo alivyojua dada aliyekuwa akipiga deki katika baa moja ya Kondele, maana alitusonya na kwenda kuanzia upande mwingine. Tulikuwa wawili pale chini: mimi nimeshika tochi ya simu, na fundi wa meza za pool kutoka Manyatta anakwaruza tumbo la meza kwa ncha ya ufunguo. Alikwaruza, akapuliza vumbi, akakwaruza tena.

"Hebu gusa hapa, mzee."

Nikagusa. Palikuwa na ubaridi wa mtungi wa maji.

"Hili ni jiwe. Sasa bei inaweza kuzungumzwa."

Shemeji yangu, mwenye pesa zenyewe, alikuwa bado amesimama akipapasa kitambaa. Kilikuwa kimepauka, na sigara zilikuwa zimekitoboa mahali pawili. Ana kibanda cha samaki na vinywaji ng'ambo ya Mbita, na alikuwa amekuja Kisumu kutafuta kitu cha kuwashikilia vijana wa ufuoni baada ya kula. Siku iliyotangulia alikuwa ameonyeshwa meza mpya njia ya Mamboleo: vanishi unayoweza kujitazama ndani yake, kona zimefunikwa bati la rangi ya dhahabu, kitambaa cha buluu. "Ile ndiyo meza," alikuwa amesema usiku kucha. Hii ya Kondele aliiona kama mzee aliyestaafu.

Nilimwelewa, kwa kuwa mimi nimeshainunua ile ya vanishi. Miaka kadhaa iliyopita, mimi na rafiki yangu tulichanga pesa tukaiweka katika baa moja ya Nyalenda, tukigawana mapato nusu kwa nusu na mwenye nyumba. Muuzaji, ambaye nitamwacha na amani yake, alituapia kwamba ndani ni jiwe. Hatukuinama. Masika yakaingia, na kufikia mwisho wa Aprili meza ikaota tumbo. Wachezaji wa hapo ndio waliogundua kwanza, na hawakutuambia: ukipiga polepole kutoka upande wa dirisha, mpira ulipinda wenyewe hadi kwenye shimo la kona. Wageni waliliwa pesa zao mwezi mzima. Tulipoifungua tulikuta ubao wa MDF, umevimba kando kama mkate uliodondokewa na chai.

MDF ni unga wa mbao uliochanganywa na gundi na kugandamizwa. Ukiwa mkavu unanyooka kuliko mbao yoyote, na seremala wa soko la Kibuye atakuchongea kabati zuri kutokana nao. Lakini Kisumu iko kando ya ziwa, kwenye kimo cha mita 1,130 hivi, na siku ya kawaida huanza kwa jua la kuchoma na kuisha kwa ngurumo. Unyevu unaingia kwenye ukingo usiopakwa rangi, unga unakunywa, unavimba, na ukikauka haurudi ulivyokuwa. Ukitaka kujua kama muuzaji ni mkweli, usitazame juu ambako kapaka vanishi. Tazama ukingo wa chini wa ubao, mahali ambapo brashi haikufika.

Jiwe la sleti halinywi. John Thurston, mtengeneza meza wa London, alianza kuliweka chini ya kitambaa mwaka 1826, akichoshwa na mbao zilizopinda kila majira yalipobadilika, na mpaka leo hajapatikana wa kumpiku. Vibao vizuri huchimbwa Italia, Brazili na China. Kwa meza ya futi saba, ile inayoingia kwenye baa zetu, jiwe lenye unene wa milimita 19 peke yake hupita kilo 100. Ndiyo maana kipimo cha kwanza cha yule fundi hakikuwa ufunguo. Alipoingia tu aliiegemea meza kwa nyonga na kuisukuma kama mtu anayejaribu ng'ombe mnadani. Ile ya Kondele haikutikisika. Tulipopita Mamboleo baadaye akairudia ile ya vanishi kwa namna hiyo hiyo, ikasogea na miguu yake ikalia. Hakusema kitu. Alimtazama shemeji tu.

Lakini jiwe zuri juu ya fremu mbovu ni hasara, na hapa ndipo fundi alipokaa muda mrefu zaidi. Fremu ni sanduku linalobeba zile kilo 100 usiku na mchana, pamoja na makalio ya wachezaji ambao hawajui kwamba meza si kiti. Alitaka kuona mbao ngumu au plaiwudi nene, na viungo vilivyofungwa kwa bolti. Misumari na gundi aliviita "vya jeneza": kazi ya kushikilia safari moja tu. Alipitisha kidole kwenye kila kona ya ndani akitafuta unga wa dumuzi. Akaipiga ngumi miguu minne, mmoja mmoja, akasikiliza. Halafu akazungusha vikanyagio vya chini, zile bolti za kusawazishia meza. Mbili zilikuwa zimekwama kwa kutu. "Hizi ni za kubadilisha, si za kukataa meza," akasema, na shemeji akapunguza bei kichwani.

Ndipo tukainuka. Pima maji likawekwa katikati, kisha kwenye kona nne, kwa urefu na kwa upana. Hicho ni kipimo cha sakafu kama kilivyo cha meza, kwa hivyo usikiamini peke yake. Fundi aliusukuma mpira polepole kwa kidole, sambamba na ukingo, ukapita meza nzima ukiwa unakaribia kufa. Mpira wa kasi huficha makosa yote. Unaokaribia kusimama ndio unaosema kweli. Ulipinda kidogo mwishoni. Akausukuma kutoka upande wa pili, ukapinda kuelekea ukuta ule ule wa baa. Basi sakafu ndiyo iliyolala. Kama ungepinda kuelekea katikati kutoka kila upande, tungekuwa tumeondoka.

Raba za pembeni zilikuja baadaye. Piga mpira kwa nguvu kwa urefu wa meza uhesabu: kwenye meza nzima utavuka urefu huo mara nne au zaidi kabla haujasimama. Huu wetu ulivuka tatu na nusu. Fundi alipita akigonga raba kwa mpira mkononi, hatua kwa hatua kama daktari na kifua cha mgonjwa, mpaka mahali ambapo mlio ulibadilika ukawa bubu. Hapo raba ilikuwa imebanduka kwenye mbao. Akapima na kimo chake pia: pua ya raba inatakiwa kuugusa mpira juu kidogo ya kiuno chake, yapata milimita 36 kwa mpira wa kawaida wa inchi mbili na robo. Raba iliyo chini zaidi huurusha mpira nje, na nimeona mpira mwekundu ukienda kumtafuta mtu kwenye supu yake.

Kuhusu mipira yenyewe, kuna habari ambayo kila mara hunifanya nisite kabla ya kupiga. Zamani mipira ya meza hizi ilichongwa kutoka kwa pembe za ndovu, na pembe laini za Afrika Mashariki, zilizobebwa na misafara hadi pwani na kusafirishwa kupitia Zanzibar, zilitafutwa sana na viwanda vya Ulaya na Marekani. Jino moja lilitoa mipira michache tu. Hali ikawa ngumu hata kampuni ya Phelan na Collender ya New York ikatangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayevumbua mbadala, na John Wesley Hyatt akajitokeza na seluloidi mwishoni mwa miaka ya 1860. Siku hizi mipira bora ni ya resini, kama ile ya Aramith inayotoka Ubelgiji. Igonge miwili pamoja: mizuri hulia kwa sauti kali na safi, ya bei rahisi hulia kama kokwa. Na ndovu wetu bado yuko mezani, maana sarafu mpya ya shilingi 20 iliyotolewa Desemba 2018 ina sura yake, na ndiyo inayofungua mchezo.

Fimbo hazina maneno mengi. Iviringishe mezani, ikirukaruka, imepinda. Kitambaa nacho ni nguo, kinabadilishwa, na ni vizuri shemeji alipoacha kukipapasa.

Sanduku la sarafu, hilo ndilo lenye kuleta faida au kilio. Sheria ya vileo ya 2010 iliziwekea baa za kawaida saa za kuuza, kumi na moja jioni hadi tano usiku siku za kazi. Ndani ya saa hizo sita, tuseme michezo thelathini ya shilingi 20, unapata 600, na kama meza imekaa kwa mtu mwingine mnagawana. Sarafu ikikwama saa mbili usiku, usiku wako umekwisha. Fundi alivuta na kusukuma kile kidroo cha sarafu zaidi ya mara ishirini. Akatumbukiza mpira mweupe katika mashimo yote sita, kwa sababu ule hutakiwa kurudi peke yake wakati mingine imefungiwa, na ndiyo maana huwa mzito, mkubwa kidogo au wenye chuma ndani. Shimo la tano liliumeza. Ikabidi mkono uingie hadi kwapani. Kulikuwa na kizibo cha soda kwenye mfereji. Mwisho akachomoa washa ya chuma mfukoni, akaiweka mahali pa sarafu na kusukuma. Kidroo kilikataa. Akatoa nyingine, iliyopigwa tupa ukingoni, kikakataa pia.

"Hii imetengenezwa na mtu anayewajua watu," akasema.

Shemeji hakuwa amekata tamaa na vitu vinavyong'aa. Binamu yake wa Nairobi alikuwa amemtumia picha ya meza ya aina nyingine: skrini imelala chini ya kioo, viti viwili vinatazamana, na ndani bodi moja yenye michezo 60 ya zamani. Meza za namna hiyo zilijaa katika mikahawa ya Japani baada ya Taito kutoa Space Invaders mwaka 1978. Fundi aliitazama ile picha kwa heshima kidogo. Akauliza kioo ni kile kinachovunjika chembechembe au kinachokata? Sanduku ni plaiwudi au MDF tena? Vishikio vimefungwa kwenye bamba la chuma au vimepigwa skrubu kwenye ubao, vilegee kabla ya Krismasi? Na umeme ukipanda na kushuka kama unavyofanya ufuoni, bodi itakufa, na nani kati ya Mbita na Homa Bay ataifufua? Swali la mwisho ndilo lililoifunga simu. Mimi naongeza sababu moja ambayo hakuitaja: kijana wa Kisumu anayetaka gemu za skrini tayari analipia dakika zake kwenye vibanda vya PlayStation. Pool anaifuata kwa ajili ya watu waliosimama kuizunguka.

Walipatana bei ya Kondele baada ya soda mbili na kimya kirefu.

Kusafirisha kulikuwa na vitisho vyake. Sleti haibebwi ikiwa imelala, kwa kuwa barabara ikiruka nayo hukatika katikati kwa uzito wake. Hufunguliwa kutoka kwenye fremu na kusimamishwa kwa ubavu, kama kioo cha dirisha, magodoro huku na huku. Wanaume sita waliitoa mlangoni, wa saba akiwa ni yule dada wa deki aliyekuwa akitoa amri. Pikapu ikapita Ndori hadi Luanda Kotieno, tukapanda feri ya Mbita, na shemeji alisimama muda wote ameweka kiganja kwenye lile jiwe.

Kibanda chake kiko kwenye mteremko, juu kidogo kuliko zamani. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likapita hata kiwango cha 1964, na wenye vibanda vya ufuoni wengi walisogea nyuma. Sakafu ya saruji aliyoimwaga upya inalala kuelekea majini, kwa hivyo pima maji lilitufanyisha kazi mpaka magharibi. Vikanyagio viwili vya chini vilizungushwa hadi mwisho, tukaongeza na vipande vya mbao ngumu. Balbu iliwashwa, na wadudu wa ziwa wakaja kwa maelfu wakaanguka kwenye kitambaa kipya cha kijani. Fundi akaagiza taa ihamishiwe nje, mita chache kutoka mlangoni, kuwavuta huko, na ya mezani ifunikwe kofia ya bati.

Baada ya wiki moja shemeji alinipigia simu akiwa amefungua sanduku kwa mara ya kwanza. Nilisikia sarafu zikimwagwa kwenye sinia. Akahesabu kwa sauti, akafika mahali akanyamaza.

"Kuna washa," akasema.

"Ngapi?"

"Moja. Lakini shemeji, ungeiona ilivyopigwa tupa. Huyu kijana amefanya kazi siku mbili kwa ajili ya shilingi ishirini."

Ameitoboa na kuitundika juu ya meza, na anamtafuta mwenyewe. Anasema anataka kumwajiri.