Kuwatazama Viumbe wa Bahari ya Mafia

Wasikilizaji wangu, tangu zamani mtu wa pwani hupanda chombo kwenda kuvua, kufanya biashara, au kuzuru jamaa zake. Siku hizi wako pia wasafiri wanaopanda chombo kutwa nzima ili wawatazame viumbe wa bahari tu. Leo nitawaeleza wayaonayo baina ya kisiwa cha Mafia na mdomo wa mto Rufiji, na kwa nini huyaona.

Twaa siku moja ya mwezi wa Oktoba, wakati wa tanga mbili, kusi imelegea na kaskazi haijaanza kuvuma. Maji yakitoka asubuhi, matope hufunuka kando ya mikoko, na ndege hushuka kwa makundi. Mmoja wao ni mweupe, ana mgongo mweusi, miguu mirefu, na mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Huyu ni mgeni. Huzaa katika pwani za Oman na Ghuba, akichimba shimo mchangani na kutaga yai humo, kisha huja kwetu kutafuta chakula. Yeye hutawaliwa na maji: yakijaa, hana budi kungoja.

Jua likipanda, chombo huelekea Kilindoni. Hapo huonekana papa potwe, samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani. Wengi wa hapo hawajakomaa, nao hufika mita 6 au 7. Aliyekomaa aweza kupita mita 12. Wala msimwogope, maana chakula chake ni uduvi na vijisamaki, ambavyo huvichuja katika maji ayamezayo. Madoa yake hayafanani na ya mwenziwe, kama alama za vidole vya watu. Kwa hiyo wataalamu humpiga picha, na akirudi mwaka wa pili humtambua.

Papa potwe huja juu kwa ajili ya kula, maana ni samaki, hupumua mumo humo majini. Lakini nyangumi, pomboo, nguva na kasa wana mapafu kama sisi, nao huja juu kuvuta pumzi. Nyangumi hutoka bahari ya baridi kusini kabisa mwa dunia, huja kwetu tangu Julai kuzaa, na mwezi wa Oktoba wa mwisho huonekana wakirejea na watoto wao. Atazamaye huona kwanza pumzi yake ikiruka juu kama moshi, ndipo mgongo.

Basi fikirini. Pumzi hiyo hiyo imfanyayo mnyama aonekane ndiyo imponzayo. Jarife likimnasa nguva au kasa, hawezi kupanda juu, naye hufa maji kama afavyo mtu. Mvuvi hakumkusudia, yeye alitafuta papa na taa. Lakini nguva hubeba mimba kwa muda wa miezi 13 hivi, huzaa mtoto mmoja, na hupita miaka kabla hajazaa tena. Kwa hiyo wakifa wachache, pengo haliziki upesi. Zamani nguva walikuwa wengi katika pwani yetu. Sasa ni haba mno, na bahari hii ya Rufiji na Mafia ni katika mahali pachache waliposalia.

Mwaka 1995 sehemu ya bahari ya Mafia ilifanywa hifadhi, ya kwanza ya namna yake katika Tanzania. Lakini viumbe hawa hawajui mpaka. Huogelea nje yake pia. Basi mwenye jarife asilitege juu ya majani ya bahari alishapo nguva, naye alizuru mara kwa mara, apate kumfungua kasa angali hai. Mwenye chombo cha wageni naye azime mtambo mapema, asimkatie mnyama njia, wala asiruhusu aguswe. Samaki aliyeuzwa sokoni huleta fedha mara moja, bali papa potwe aliye hai humlipa nahodha leo, na mwakani humlipa tena.