Kiwewe cha ubaguzi na kiti cha kinyozi

Polisi wa Marekani wanapomuua mtu Mweusi asiye na silaha, msiba hauishii kwa ndugu zake. Mwaka 2018, jarida la tiba la The Lancet lilichapisha utafiti wa Jacob Bor na wenzake. Katika miezi mitatu baada ya mauaji ya namna hiyo, Weusi wengine wa jimbo hilohilo walitaja siku nyingi zaidi za kukosa raha ya nafsi. Kwa Weupe hapakuwa na badiliko lolote.

Mwili ukihisi hatari humwaga adrenalini na kotisoli, moyo ukaenda mbio. Hatari ikipita, hutulia. Anayelazimika kujihadhari kazini, dukani na barabarani atatulia saa ngapi? Tangu 1992 mtafiti wa afya ya jamii Arline Geronimus amekuwa akieleza jinsi maisha hayo yanavyochakaza miili ya Weusi kabla ya umri wao.

Jeraha linalowapata wengi kwa pamoja haliponi kwa dawa ya mtu mmoja mmoja. Isitoshe, Weusi wengi hawaiamini hospitali, na wana sababu: kuanzia 1932 hadi 1972, huko Tuskegee, watafiti wa serikali waliwaacha mamia ya wanaume Weusi wateseke na kaswende ili tu waione ikiendelea.

Kwa kinyozi, hata hivyo, wanaume Weusi wengi huenda, tena kwa kinyozi yuleyule miaka nenda miaka rudi. Daktari wa moyo Ronald Victor aliliona hilo. Timu yake iliwafuata wateja 319 wenye presha katika maduka 52 ya vinyozi ya eneo la Los Angeles. Pale mfamasia alipokuja kuwatibu papo hapo, baada ya miezi sita kipimo cha juu cha presha kilishuka kwa wastani wa alama 27. Walioshauriwa tu na kinyozi waende kwa daktari, alama 9.

Siku hizi shirika la The Confess Project, lililoanzishwa na Lorenzo Lewis, linawafunza vinyozi kusikiliza, kutambua mteja aliyeelemewa na kumwelekeza kwa mtaalamu. Wanasaikolojia Weusi nao wana vikundi vya kukaa duara na kuuchambua kwa sauti ule uongo kwamba Mweusi ni duni.

Ushahidi kwamba tiba kwa kinyozi hushusha presha ni imara. Wa kutibu kiwewe chenyewe bado mwembamba, na watafiti wanapaswa kuupima kwa umakini uleule. Lakini kinga yake haihitaji kusubiri: takwimu za Bor zinaelekeza kwenye kuzuia mauaji yanayofanywa na polisi.