Aibu Inayozika Watu

Mtu aona damu chooni, aiita bawasiri, anyamaza. Huenda ni saratani ya utumbo mpana, ambayo aghalabu huanza na kinyama kidogo kisichouma, kikakua kwa miaka mingi. Daktari Sidney Winawer wa New York aliutumikia ujuzi wa kukiwahi kinyama hicho. Mwaka 1993, yeye na wenzake walitangaza kwamba kwa wagonjwa 1,418 waliotolewa vinyama, saratani ilikuwa pungufu kwa asilimia 76 hadi 90 kuliko ilivyotazamiwa. Na mwaka 2012, kwamba vifo vilikuwa pungufu kwa asilimia 53.

Mashine ya kuchungulia utumbo ni ghali, twakiri. Lakini kuna kipimo cha kutafuta damu iliyojificha katika choo, nacho ni kikaratasi na tone la dawa. Twawauliza ndugu viongozi wa afya: ni kituo gani cha kisiwani kinacho?